Ndigana kali: kwa nini sindano za siku tatu hazikumwokoa mtamba

"Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wa maziwa, wote chotara. Mwezi uliopita mtamba wangu mwenye mimba ya kwanza aliacha kula, tezi ya chini ya sikio ikavimba ikawa kama yai, na mwili ukawa moto. Nilimwita kijana anayetuchomea mifugo, akampiga oksitetrasaiklini ile ya asilimia 20 siku tatu mfululizo, pamoja na sindano moja ya njano akisema ni ya damu. Siku ya tisa mtamba akafa, povu jeupe likimtoka puani. Waliobaki ni mama yake na ndama wa miezi minne. Naogesha kila wiki bila kukosa. Sasa nasikia kuna chanjo ya ndigana kali, lakini mzee mmoja ninayemheshimu sana kwa ufugaji ananiambia chanjo hiyo ni ugonjwa wenyewe wanaomchoma ng'ombe, na kwamba akishachanjwa anakuwa hatari kwa wenzake maisha yote. Ni kweli? Na kama ni kweli, watafiti wamekuwa wapi miaka yote hii hata chanjo ya kawaida isipatikane?"

Marahaba, na pole sana. Mtamba mwenye mimba ya kwanza ni ng'ombe uliyemlea muda mrefu ukisubiri maziwa ambayo bado hujayaona. Anayesema "si ng'ombe tu" hajawahi kufuga.

Nianze na mzee wako, kwa sababu hajakosea. Chanjo ya ndigana kali ni ugonjwa wenyewe, mzima mzima, vimelea hai vilevile vilivyomuua mtamba. Ila kuna jambo moja ameliacha, nalo ni siku. Katika ugonjwa huu dawa ileile inaweza kuwa kinga siku ya kwanza na ikawa sawa na maji siku ya kumi. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini mtamba alikufa na kwa nini chanjo inafanya kazi, maana mambo hayo mawili yana sababu moja.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia ugonjwa mmoja. Tezi ya chini ya sikio kuvimba, homa, kuacha kula, kisha povu puani: kwa maelezo hayo nakubali ni ndigana kali, ingawa bila kuona slaidi, kile kioo chenye majimaji ya tezi, siwezi kuapa. Lile povu watu wengi hudhani ni mate au sumu. Ni maji yaliyojaa mapafuni. Nimewapasua ng'ombe wengi waliokufa hivi, na kila nikichana koo la hewa nakuta povu jeupe, zito kama la sabuni, limeanzia juu kabisa na kushuka hadi kwenye matawi madogo ndani ya pafu. Mapafu yenyewe ni mazito, yanameremeta, ukiyakata yanatiririka maji. Mtamba wako hakufa kwa homa. Alizama akiwa nchi kavu.

Sasa tuje kwenye sindano. Lugha yetu imetuponza kidogo hapa, kwa kuyapa magonjwa mawili jina la ukoo mmoja. Kuna ndigana kali na kuna ndigana baridi, na mtu husikia "ndigana" akadhani ni ndugu wa baba mmoja. Si ndugu kabisa. Ndigana baridi huletwa na bakteria aitwaye Anaplasma, anayekaa kwenye chembe nyekundu za damu, na oksitetrasaiklini humpiga vizuri. Mkojo mwekundu huletwa na Babesia, ambaye ni protozoa, yaani kimelea cha chembe moja, naye pia hukaa kwenye chembe nyekundu na kuzipasua ndiyo maana mkojo hugeuka rangi. Ile sindano ya njano, diminazini, ndiye adui yake. Ndigana kali huletwa na protozoa mwingine, Theileria parva, na huyu makao yake ya hatari si chembe nyekundu. Anaingia kwenye chembe nyeupe, askari wenyewe wa mwili. Kwa hiyo mtamba wako alitibiwa kwa bidii magonjwa mawili ambayo pengine hakuwa nayo, na ule aliokuwa nao haukuguswa.

Simlaumu sana kijana wako. Tetra, yaani ile oksitetrasaiklini, imejijengea sifa kwa sababu mara nyingine ng'ombe hupona baada ya kuchomwa: ama alikuwa na ndigana baridi tangu mwanzo, ama alikuwa na vyote viwili na kimoja kikapungua, ama ni ng'ombe wa asili ambaye angepona hata bila sindano. Dawa hupewa sifa za mwili. Wale wanaokufa husemekana "walichelewa".

Tumfuate kimelea tangu mwanzo wa safari yake. Anayemsambaza ni kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus. Huyu katika maisha yake hula mara tatu kwa wanyama watatu: akiwa lava mdogo kama punje ya ufuta, akiwa nimfu, na akiwa mkubwa. Kila akishiba hudondoka chini, hujivua ngozi, kisha hupanda mnyama mwingine. Akinyonya ng'ombe mwenye vimelea akiwa lava, ataambukiza akiwa nimfu. Akivipata akiwa nimfu, ataambukiza akiwa mkubwa. Lakini havirithishi mayai yake. Kila lava anaanguliwa safi. Kwa Babesia mambo ni kinyume: kupe wa bluu jike hupitisha vimelea kwenye mayai, watoto wakazaliwa nao tayari. Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa shambani. Kupe wa ndigana kali lazima awe ameonja ng'ombe au nyati mwenye vimelea katika maisha yake yeye mwenyewe, na akiwa kwenye nyasi bila kula anaweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja.

Kupe akishapanda sikioni na kuzamisha mdomo, hamwagi vimelea hapohapo. Vimelea vilivyomo kwenye tezi zake za mate vinakuwa bado vichanga. Joto la ng'ombe na damu inayoingia ndivyo vinavyoviamsha, navyo huchukua siku tatu hadi nne kukomaa. Maabara tunawaweka kupe kwenye masikio ya sungura, tunawaacha wale siku nne, kisha tunawapasua chini ya hadubini na kutoa zile tezi. Ni kama kishada cha zabibu ndogo sana, nyeupe, zinazopenyeza mwanga. Ukizitia rangi unaona nyingi ni safi, kisha ghafla "zabibu" moja imevimba na kuwa nyeusi kwa vimelea. Hiyo moja tu ina makumi ya maelfu. Ndiyo sababu kupe mmoja, akiwa na bahati mbaya ya kutosha kwako, anaweza kumuua ng'ombe mzima.

Vikiingia mwilini, vimelea havipotezi muda. Ndani ya dakika chache vimejipenyeza kwenye chembe nyeupe zilizo karibu, na ndiyo maana tezi ya chini ya sikio, ambayo hupokea maji yote yatokayo sikioni, huwa ya kwanza kuvimba. Kinachofuata ndicho kilichowafanya watafiti wa saratani duniani kote wampende mdudu huyu wa ng'ombe wetu. Theileria haiui chembe iliyoingia. Inaiamuru igawanyike, tena bila kukoma. Chembe ikianza kugawanyika, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zilezile zinazovuta urithi wa chembe huku na huku, nacho hugawanyika pamoja nayo, kila chembe mpya ikiondoka na fungu lake. Ukizichukua chembe hizo ukaziweka kwenye chupa ya maabara zitaongezeka miaka na miaka, kama saratani. Lakini ukiweka dawa inayoua kimelea, chembe zinaacha wazimu, zinatulia, zinakufa kifo cha kawaida. Ni saratani inayotibika kwa kumtoa mpangaji ndani ya nyumba.

Hesabu yake ni hii: chembe zenye vimelea huongezeka takriban mara 10 kila siku 3. Kwa siku tisa ni mara 1,000. Kwa siku kumi na mbili ni mara 10,000. Wewe uliona tezi na homa siku ambayo hesabu hiyo ilikuwa imeshapiga hatua kadhaa, maana dalili huanza kwa kawaida wiki moja hadi mbili baada ya kupe kumwaga mate. Chembe hizo hujaa kwenye tezi, wengu, ini, na mwishowe mapafuni, ambako huchochea ule mvujo wa maji ulioishia kuwa povu.

Sasa rudi kwenye tetra. Oksitetrasaiklini haiwezi kulisafisha jeshi hilo likishaenea, lakini ina uwezo mmoja: ikiwepo mwilini wakati vimelea ndiyo kwanza vinaingia kwenye chembe, huchelewesha kukua kwake. Huvipunguza kasi kiasi kwamba mwili unapata nafasi ya kuvitambua na kuandaa chembe za kuua zile zilizotekwa. Kilichogunduliwa ni hicho tu, kwamba dawa dhaifu iliyopewa mapema kabisa inatosha kugeuza kifo kuwa somo. Kuanzia miaka ya 1970, watafiti waliokuwa Muguga nchini Kenya, katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki, waligeuza wazo hilo kuwa chanjo. Ng'ombe hudungwa kipimo cha vimelea hai mbele ya sikio, na wakati uleule, si kesho wala jioni, huchomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Anaugua kidogo sana, mara nyingi hata huoni. Anapona. Baada ya hapo ana kinga ya miaka mingi, na akiendelea kuumwa na kupe wenye vimelea kinga hiyo hujinoa upya yenyewe.

Kwa hiyo mzee na mimi tunasema jambo moja. Yeye anasema "wanamchoma ugonjwa". Mimi naongeza "na breki yake, kwa saa hiyohiyo".

Chanjo inayotumika zaidi ina mchanganyiko wa aina tatu za Theileria: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Ni tatu kwa sababu kinga ya aina moja haifuniki nyingine zote. Sasa hivi hutengenezwa katika kituo cha magonjwa ya kupe kilichopo Lilongwe, Malawi, na utengenezaji wake ungekushangaza: unaambukiza ng'ombe, unalisha nimfu juu yake, unawangoja wajivue ngozi wawe wakubwa, unawalisha kwenye sungura siku nne, kisha unawasaga kupe wote, unachuja, unagandisha kwenye mitungi ya naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakuna kiwanda cha chupa na vifuniko. Ni rojo la kupe. Likishayeyushwa shambani lina saa chache tu za uhai, na mrija mmoja hubeba dozi nyingi, jambo linalowapa shida wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu kama wewe. Hamna budi kujikusanya. Wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania waliipokea mapema kuliko wengi wenye ng'ombe wa kisasa, kwa sababu wao wana makundi makubwa na walikuwa wamechoka kuwazika ndama.

Sasa ile hofu ya pili: kwamba aliyechanjwa ni hatari kwa wenzake. Hapa pia kuna ukweli, nami sitauficha. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea vichache kwenye damu kwa muda mrefu bila kuumwa, na kupe mchanga akimnyonya anaweza kuvibeba. Lakini sikiliza upande wa pili: kila ng'ombe aliyeugua ndigana kali akapona naye hubaki hivyohivyo. Kwenye maeneo ambako ugonjwa umeshakuwapo, kupe wa malishoni tayari wanavyo. Chanjo haileti kitu kigeni kikubwa. Mahali pa kuogopa ni kule ambako ugonjwa haujawahi kufika, ndiyo maana mamlaka za mifugo hupaswa kuamua ni wapi ichanjwe. Na haiambukizi kwa kugusana, kwa maziwa, wala kwa kulala zizi moja. Lazima kupe awe katikati. Binadamu hapati kabisa. Kwako wewe maana yake ni moja: usimchanje mmoja ukamwacha mwingine. Chanja wote waliopo siku moja.

Chanjo hii ina kasoro zake, na ukisikia mtu anaiuza kama dawa ya kila kitu mkimbie. Haizuii ndigana baridi, haizuii mkojo mwekundu, haizuii maji moyo. Nimewaona wafugaji walioacha kuogesha kabisa baada ya kuchanja, kisha wakapoteza ng'ombe kwa ndigana baridi wakasema wamedanganywa. Pia ng'ombe wanaolisha pamoja na nyati wako kwenye hatari ambayo chanjo haiizimi yote. Nyati hubeba Theileria za aina nyingi bila kuumwa, na jaribio lililofanyika Kenya kwenye eneo lenye nyati lilionyesha ng'ombe waliochanjwa wakizidiwa na vimelea vya nyati. Kama mipaka yenu inagusa hifadhi, mwambie daktari wako mapema.

Na kuna kosa moja la mkono ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja. Dozi ya vimelea ni ileile kwa ndama na kwa fahali, mililita moja. Tetra ndiyo hupimwa kwa uzito. Mchanjaji akikadiria uzito kwa jicho akakosea kwa kushusha, ng'ombe mkubwa hupata ugonjwa kamili na nusu breki. Miaka mingi iliyopita nilifika kwenye boma ambako madume matatu yaliugua wiki mbili baada ya chanjo na ndama wote wakawa wazima. Kila mtu alilaumu chanjo, hadi tulipotoa utepe wa kupimia kifua na kukuta uzito ulioandikwa daftarini ulikuwa chini mno. Siku ya chanjo, mwombe mchanjaji atumie utepe mbele yako. Hatachukia, na akichukia umepata jibu.

Swali lako la kuogesha kila wiki linastahili jibu lake. Kumbuka zile siku tatu hadi nne za kukomaa. Kupe anayepanda leo bado hajawa na madhara kesho. Akifa kabla ya siku ya nne, ng'ombe amepona bila kujua alikuwa hatarini. Ukiogesha leo, dawa hukaa kwenye manyoya siku chache kisha huisha nguvu. Kupe anayepanda siku ya tatu, dawa ikiwa imeshapungua, atakuwa ameanza kumwaga vimelea siku ya saba, asubuhi ileile unapochanganya maji ya kuogesha tena. Hapo ndipo mtamba wako alipopatikana, pengine. Ndiyo maana kwenye maeneo yenye kupe wengi watu wa zamani waliogesha mara mbili kwa wiki. Tatizo ni kwamba kuogesha hivyo ni kazi isiyoisha, na kadiri unavyomwaga dawa ndivyo unavyowachagua kupe sugu. Uganda wamelipata tatizo hilo kwa ukali. Kosa lingine la kawaida: bomba linapita mgongoni na ubavuni, ndani ya sikio hakuguswi. Kupe huyu jina lake ni wa masikio. Ingiza dawa ndani ya sikio, chini ya mkia na kwenye kinena kwa mkono wako.

Umeuliza watafiti wamekuwa wapi. Swali zuri, na sisi wenyewe tunajiuliza. Ugonjwa huu ulishtua kusini mwa Afrika mwaka 1901 na 1902, baada ya ng'ombe kuletwa kutoka Afrika Mashariki kuziba pengo la waliokufa kwa sotoka. Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa vijidudu, aliitwa kuuchunguza; mabonge ya buluu tunayoyatafuta kwenye chembe nyeupe hadi leo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu, alionyesha kwamba kupe wa kahawia ndiye mbebaji, na daktari wa mifugo Arnold Theiler akautenganisha ugonjwa huu na mkojo mwekundu, ndiyo maana kimelea kinabeba jina lake. Afrika Kusini iliufuta kufikia mwaka 1954 kwa majosho, karantini na kuchinja. Hapa kwetu njia hiyo haiwezekani, maana ng'ombe wanahama, nyati wapo, na kupe hawasomi ramani.

Chanjo ya kawaida, isiyo na kimelea hai, imetafutwa kwa miongo. Kwanza walilenga ngozi ya kimelea kabla hakijaingia kwenye chembe, kipande cha protini kiitwacho p67. Ng'ombe walitoa kingamwili nyingi, lakini waliokingika walikuwa sehemu tu. Sababu inaeleweka ukikumbuka zile dakika chache: kimelea kikishaingia ndani, kingamwili haikifikii tena, ni kama mlinzi wa lango aliyechelewa na mwizi yuko chumbani. Kinachokiua kimelea hasa ni chembe askari zinazotambua chembe mwenza iliyotekwa na kuiua. Kuzifundisha chembe hizo bila kutumia kimelea hai ndiyo kazi iliyobaki ngumu, kwa sababu vipande zinavyovitambua hutofautiana kati ya aina moja ya Theileria na nyingine, na hata kati ya ng'ombe mmoja na mwenzake. Ramani kamili ya urithi wa kimelea ilichapishwa mwaka 2005: kromosomu 4, jeni takriban 4,000. Imesaidia sana kujua wapi pa kutazama. Haijatupa chupa ya chanjo bado.

Kitu kinachonifurahisha zaidi siku hizi si chanjo, ni ng'ombe. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilieleza kwamba uzao wa fahali mmoja wa aina ya Boran nchini Kenya huvumilia ugonjwa huu kupita kawaida, na wakaifuatilia tabia hiyo hadi kwenye jeni moja, FAF1B. Wafugaji wa zamani walijua kuna ng'ombe wanaobisha kufa. Sasa tunaanza kujua kwa nini. Kwa chotara wako haibadilishi kitu leo, lakini kama siku moja mbegu ya fahali wa maziwa itakuja na tabia hiyo, mjukuu wa ndama wako huenda akakucheka.

Turudi zizini. Dawa ya ndigana kali ipo, inaitwa buparvakwoni, na nadhani ndiyo mtamba alipaswa kupewa siku ile tezi ilipovimba. Hupigwa kwenye msuli wa shingo, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na mara nyingi hurudiwa baada ya siku mbili au tatu. Ikitolewa mapema hufanya kazi vizuri. Ikitolewa povu likiwa limeshaanza, mara nyingi unapoteza dawa na ng'ombe pamoja; daktari anaweza kuongeza dawa ya kupunguza maji mapafuni, lakini nisikupe matumaini ya bure. Ni dawa ghali kuliko tetra, na hilo ndilo huwafanya watu kuanza na tetra "kujaribu kwanza". Jaribio hilo hula siku tatu. Umeona hesabu ya siku tatu. Uliza pia muda wa kutotumia maziwa kwa kila dawa inayoingia kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Nunua kipimajoto. Sikutanii. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu. Ukimkuta na 40, papasa tezi: ya chini ya sikio, ya mbele ya bega, na ile ya mbele ya paja. Linganisha kulia na kushoto. Tezi iliyovimba pamoja na homa ni sababu ya kumpigia daktari siku hiyohiyo, bila kusubiri aache kula kwanza. Mwombe achome tezi kwa sindano, atoe majimaji kidogo, ayapake kwenye kioo na kuyatia rangi. Akiona yale mabonge ya buluu ndani ya chembe nyeupe, hakuna mjadala. Damu ya sikio peke yake haitoshi, kwa sababu ng'ombe wengi wazima hubeba vimelea vichache kwenye damu na slaidi itakudanganya. Akikohoa, akipumua kwa haraka, au povu likionekana, hiyo ni dharura ya saa. Na akifa mwingine, Mungu aepushe, usimzike kabla mtaalamu hajampasua.

Mama wa mtamba ameishi hapo muda wote na yuko hai, kwa hiyo huenda ana kinga ya zamani. Kuchanjwa hakutamdhuru akiwa mzima. Kama ana mimba, mweleze mchanjaji imefikia wapi kabla hajafungua mtungi. Ndama wa miezi minne ndiye ninayemhofia. Mtafute daktari wa mifugo wa eneo lenu umuulize kama kuna siku ya chanjo iliyopangwa, na uwakusanye majirani wenye ng'ombe wachache ili mrija mmoja utoshe watu. Siku hiyo asichanjwe mwenye homa wala aliyedhoofu. Baada ya chanjo endelea kuogesha wiki tatu hadi nne za mwanzo, mpaka kinga ijengeke, na uwatazame hasa kati ya siku ya kumi na ishirini: homa ndogo na tezi kuvimba kidogo ni kawaida, asiyekula zaidi ya siku moja, mpigie daktari simu. Baadaye mnaweza kupunguza kuogesha kwa ushauri wa daktari, lakini usiache kabisa, kwa sababu ya magonjwa mengine.

Kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, kabla hujakamua, mshike ndama, mpime joto, na ugeuze masikio yake ndani nje uone kuna nini.